Mwaka wa Ukuta Unaong'aa

Salamu zilikuja kwa simu ya mjukuu wangu Agnesi, siku tuliyokuwa tunapura maharage. Kijana mmoja wa Usevya alisema kwamba bibi yake, Felista, analetwa Mpanda mjini kupimwa macho, na akitoka hospitalini anataka apitishwe Kasokola kwangu. Nilimwambia arudie jina. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, mpaka Agnesi akadhani nimekuwa kiziwi ghafla. Masikio yangu yalikuwa mazima, ila nilikuwa naogopa. Felista nilimwona mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na minane, yeye amekaa juu ya mizigo nyuma ya lori, amejifunika blanketi la Kampuni, na kuna neno nilitakiwa kumwambia siku ile nikashindwa kulitoa. Lori likaondoka, na neno nimekaa nalo mpaka meno yameniisha. Agnesi aliponiuliza tumwandalie mgeni nini, nilimwambia achemshe mihogo, akaange karanga, apike chai. Ya mgeni aitie maziwa, yangu aiache ya rangi kama siku zote. Watu wa nyumba hii wanajua kwamba maziwa siyanywi. Wanasema ni tumbo, nami sijawahi kuwabishia.

Kasiano alinioa mwishoni mwa masika, katikati ya miaka ya hamsini, na kabla mwezi haujaisha akanichukua kutoka Inyonga kwenda kambini, kwenye mgodi alikokuwa akitoboa mwamba. Jina la Kampuni silitaji. Wenyewe wengi wameshakufa, na waliobaki sidhani kama wanatukumbuka. Tulisafiri juu ya lori lililobeba nta, nikafika nanuka nyuki, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kilima kilichokatwa upande mmoja kuanzia juu hadi chini. Kwetu kilima ni kitu cha kupitia pembeni. Hapa watu walikuwa wanaingia ndani yake asubuhi na kutoka jioni, na mashine iliyosaga mawe yake ilinguruma mchana kutwa hadi maji ya mtungini yakawa yanatetemeka. Kilichochimbwa kilikuwa risasi, ile metali laini na nzito, na ndani yake fedha kidogo. Treni ilikuja kuichukua, nayo treni nilikuwa nimeisikia tu kwa wajomba waliokwenda Tabora. Nilisimama kuiangalia ikipakiwa mpaka ugali wa watu ukaungua. Kasiano hakunigombeza. Aliniambia, "Reli hii imefuata kilima hiki, Skola. Sisi watu tunapanda tu kwa kuwa ipo." Nilicheka. Nilidhani anajifanya mjuaji kwa mke mpya.

Chumba chetu kilikuwa cha nane katika safu ya vyumba kumi na viwili, vya matofali na bati, sakafu ya saruji. Nimeishi nyumba nyingi tangu hapo, moja nimeijenga mwenyewe, lakini chumba ninachokiona nikifumba macho ni kile. Kulikuwa na bomba la maji hatua ishirini kutoka mlangoni. Kwa mtu aliyekua anachota maji kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono, kiangazi unakisubiri kijae kikombe kwa kikombe, bomba si jambo dogo. Nilikuwa nalifungua na kulifunga bila ndoo, ili nione tu. Ndani kulikuwa na taa ya umeme. Jioni ya kwanza sikupika. Nilikaa chini ya taa ile nikaangalia mikono yangu, nikaona makovu ambayo sikujua kwamba ninayo. Kila Jumamosi tuligawiwa posho: unga, maharage, chumvi, nyama iliyokatwa kwa msumeno. Mtu akiugua kulikuwa na hospitali yenye vitanda vya chuma na daktari mzungu mrefu aliyetembea ameinama, kama anatafuta kitu alichodondosha. Nasema haya yote ili msije mkadhani nilikaa pale nikinung'unika. Nilikaa pale nikishangaa. Usingizini nilikuwa naogopa kuamka nikajikuta nimerudi Inyonga.

Halafu kulikuwa na maziwa. Kwetu hakuna ng'ombe, mbung'o hawakubali. Mimi hadi naolewa nilikuwa nimeonja maziwa mara mbili, misheni, tena nikiwa mgonjwa. Kambini, kila mwanaume anayefanya kazi chini au kwenye mashine ya kusaga alipewa kikombe cha maziwa akitoka zamu, bure, kila siku ya Mungu. Yalikuwa ya unga, yamekorogwa kwenye pipa safi. Mnyapara aliwaambia wayanywe, basi, hakuongeza neno. Wanaume waliona ni heshima ya Kampuni, kama vile tajiri anavyomtupia mtu wake kipande cha mnofu. Tena waliona haya. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, ametoka kupasua mwamba, anasimama kwenye foleni anywe maziwa kama mtoto? Walioishi peke yao waliyanywa. Wenye wake waliyatia kwenye chupa na kuyaleta nyumbani. Kasiano aliniletea kila siku, chupa imezibwa kwa gunzi la hindi, amevaa shati la vumbi la kijivu hadi kope, ananinyooshea mkono kabla hajakaa. "Kunywa yakiwa na uvuguvugu," ananiambia. Na mimi nakunywa, yeye ananiangalia. Sijui kama nimewahi kupendwa na mtu wazi namna ile, kwa kuangaliwa nikimeza.

Mwaka ule nilinenepa, nikang'aa ngozi. Wanawake wa Inyonga walionipitia walisema nimekuwa mke wa chifu.

Chumba cha saba alikaa Felista na mumewe Luka, ambaye alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga na kumletea mkewe maziwa kama Kasiano. Felista alinizidi miaka mitatu na alikuwa Mpimbwe wa Usevya, mrefu, msema kweli hata asipoulizwa. Siku niliyofika aliniangalia mizigo yangu akasema, "Mdogo wangu, umeleta mitungi mitano na sufuria moja. Nyie Wakonongo mnadhani huku tunakunywa tu?" Tulipendana tangu hapo. Ukuta kati ya chumba chake na changu haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo hakuna nilichoshindwa kukisikia, na naye alinisikia mimi. Ndivyo nilivyojua shida yake kabla hajanieleza. Jioni moja, nikiwa nachambua maharage, nilimsikia Luka anasoma barua ya mama yake, neno kwa neno, polepole, kwa kuwa kusoma kulikuwa kunamshinda. Mama aliuliza kama huyu mwanamke atazaa au atamwaga tena. Mimba mbili zilikuwa zimetoka huko nyuma. Mama aliandika kwamba ya tatu nayo ikitoka, arudishwe kwao, na yuko binti mwingine ameshaangaliwa. Kisha nikamsikia Felista anasema, "Basi mjibu kwamba hii inacheza." Luka akauliza inacheza kweli? Akasema, "Leta mkono." Mimi upande wa pili nilikuwa nimeacha maharage, nimeziba mdomo kwa kanga, nalia kwa furaha ya mtu mwingine.

Mwenye mimba kwetu hula udongo. Wasomi wa leo wana maneno yao juu ya jambo hili, lakini mama zetu wote walikula, na udongo wenyewe ni wa kichuguu, ule wa ndani, laini, unaokaushwa kwa moshi na kunukia kama mvua ya kwanza. Felista alianza kuutamani mimba ilipofika mwezi wa tatu, na kambi nzima haikuwa na kichuguu hata kimoja. Vilikuwepo zamani, waliotutangulia walituonyesha mahali. Vyote vilikuwa vimechimbwa na kupelekwa juu kwenye nyumba za wazungu, kutengeneza uwanja wa kuchezea tenisi. Udongo wa kichuguu ukilowanishwa na kushindiliwa unakuwa mgumu na laini kama sakafu, hilo sisi tulilijua siku zote, lakini kuupigia mpira lilikuwa jambo jipya. Nilipanda huko mchana mmoja nikiwa na bakuli. Nikaona uwanja mwekundu, tambarare, hauna jani wala ufa, umechorwa mistari ya chokaa, na wanawake wawili wamevaa nguo nyeupe wanakimbiakimbia juu yake wakicheka. Nasema kweli, ulikuwa mzuri mno nikasahau nilichofuata. Nilipokumbuka, niliinama pembeni nikaanza kukwangua. Mlinzi, mzee mmoja wa Kinyamwezi, akaja na fimbo yake. "Mama, unaiba uwanja?" Nikamwambia kuna mwenye mimba. Aliangalia kule kwa wanawake wale, akaniangalia mimi, akasema, "Wake zangu wanne wameniomba udongo huo huo. Nenda, mwanangu, nisije nikafukuzwa kwa ajili ya konzi la udongo." Nikarudi na bakuli tupu.

Basi sasa nifike kwenye ukuta. Mimi ni mtu wa mikono. Kukandika nilifundishwa nikiwa sijaota matiti, na kwetu waliniita nikandike hata nyumba za harusi za watu wasio ndugu. Matofali ya Kampuni yalikuwa matupu, mekundu, yananikera kila nilipoamka. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na bwawa walikomwaga mabaki, yaani tope linalobaki baada ya mawe kusagwa na madini kuchujwa, na kiangazi tope lile lilikauka likawa la kijivu, laini kuliko unga wa muhogo. Nililishika mara moja tu nikajua. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Nilibeba karai mbili, nikalichekecha kwa kitambaa, nikalikanda kwa maji ya mlenda ili lishike, nikapaka chumba chetu chote tabaka tatu, na la mwisho nikalisugua kwa jiwe la mtoni siku mbili. Jioni umeme ulipowashwa, Kasiano alikuwa mlangoni na chupa yake ya maziwa, akasimama hapo hapo. Ukuta ulikuwa unameta. Ndani ya lile tope mlibaki chembe ndogo ndogo za madini, na kila chembe ilishika taa. Ukisogea, nazo zinasogea. Tulikaa katikati ya chumba, Kasiano amenishika mkono, na mimi nikawaza kwamba hata huko wanakokwenda kuyauza haya mawe hakuna mwenye chumba kama hiki.

Chumba cha Felista nilikikandika kama zawadi, nikaweka na mapambo ya vidole kuzunguka mlango, mawimbi, kama tunavyofanya kwa bibi harusi. Wenzetu nao wakaniomba, nikakandika vyumba vingine vitano, na habari zikapanda mpaka juu kwa wazungu. Mke wa meneja alishuka na kamera yake, akauliza kwa ishara nani ametengeneza, wakanisukuma mbele. Alishangaa kwa dhati, si kwa dharau. Aligusa ukuta kwa kiganja kizima. Akatupanga mimi na Felista mbele ya mlango, akampigapiga Felista tumbo kidogo kwa upole, akatupiga picha. Mara nyingine huwa nawaza kwamba picha ile iko mahali fulani, ndani ya kitabu cha watu tusiowajua, Felista anacheka, mkono wake mmoja umeegemea ukuta.

Sijui Felista alianza siku gani kuula. Nilichoona ni shimo dogo nyuma ya mlango wake, kina cha kucha, halafu siku nyingine likawa kubwa. Nilipomwangalia akaangalia pembeni kama mtoto aliyeiba sukari. "Unanukia, Skola," akasema. "Jikoni kukipata moto unanukia vile vile kama wa nyumbani." Na mimi, ambaye nilitakiwa kufikiri, nilijisikia fahari. Kila wiki niliziba lile shimo kwa tope jipya. Kisha nikaona ni aibu mwenzangu ale ukuta, nikamfinyangia vidonge vidogo vya tope lile lile, nikavikausha juu ya moshi, nikampelekea nimevipanga kwenye jani la mgomba. Kuku wake waliokuwa wanadonoa chini ya ukuta walikufa mmoja mmoja, shingo zimelegea. Tukasema ni kideri. Alianza kulalamika tumbo linamkaza, tukasema mtoto anageuka. Akawa mweupe viganjani, tukasema ni mimba ya msichana, wasichana hunyonya damu ya mama. Kila dalili tulikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa la busara. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, jinsi tulivyokuwa na busara.

Mimba ikiwa ya miezi saba, asubuhi wanaume wameshaingia kazini, nilisikia kishindo upande wa pili. Nilimkuta sakafuni, amekunja mwili, ameng'ata kanga. Wanawake wanne tulimbeba kwa blanketi hadi hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, mzima wa kila kiungo na nywele nyingi, na hakulia. Baada ya hapo damu haikukatika. Yule daktari aliyeinama alifanya kazi juu ya Felista tangu saa sita hadi jua linashuka, amekunja mikono ya shati, jasho linamdondoka, hakula, hakukaa. Nilikuwa kwenye kona nimeshika beseni. Aliokoa uhai wake mbele ya macho yangu, na ningekuwa na ng'ombe ningempa. Kijijini Felista angekufa, hilo sina shaka nalo. Alipomaliza ndipo akamfungua mdomo kuangalia damu, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Akamwita dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, Alfonsi, Mfipa mmoja mpole. Kwenye ufizi wa Felista, pale jino linapoingia, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kama umechorwa kwa kalamu. Daktari akauliza, Alfonsi akanigeuzia: "Huyu mama amekuwa anakula nini?"

Nikasema ukuta, na daktari akaja chumbani mwenyewe. Alisimama mbele ya ukuta wangu muda mrefu, kisha akatoa kisu kidogo mfukoni akaukwangua kidogo juu ya karatasi, akaikunja karatasi vizuri. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuangalia ukuta na kumwona mtoto aliyekufa. Kesho yake vibarua walikwangua vyumba vyote saba nilivyokandika, wakapaka chokaa. Baada ya siku kumi, Felista akiwa ametoka hospitali anaegemea nguzo ya mlango wake, tuliitwa wanawake wote pale kwenye bomba. Daktari akasema, Alfonsi akafasiri. Tope la bwawani lina sumu. Sumu hii haionekani wala hainuki, inaingia kwa mdomo, inakaa kwenye damu na mifupa, inaua watoto tumboni. Ni marufuku kulichota, marufuku kukandikia, marufuku kula. Alisema kwa upole, na alikuwa na huzuni; sitamsingizia. Lakini alisema kana kwamba jambo lote limeanzia kwenye midomo yetu.

Niliuliza mimi. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale na sikuwa na haki ya kuongea mbele ya mama zangu, ila niliona shati la Kasiano, vumbi hadi kope. Nikasema, "Alfonsi, muulize. Sisi tumeonja ukutani. Na waume zetu wanaokula vumbi lake mchana kutwa?" Alfonsi alisita. Daktari akamhimiza aseme, na Alfonsi akamgeuzia. Nikamwona daktari anakunja kofia yake mikononi. Alijibu maneno machache. Alfonsi akasema, "Daktari anasema wanaume wasiwe na wasiwasi. Wanapewa maziwa. Maziwa ndiyo dawa yake, yanazuia sumu isikae mwilini. Ndiyo maana Kampuni inayatoa kila siku."

Nimeishi miaka mingi na nimesikia vilio vya kila aina, lakini sijasikia kimya kama kile. Wanawake arobaini, wote tumenenepa, wote tunang'aa. Bomba lilikuwa linadondosha maji. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilimtafuta Felista kwa macho, nikamwona ameteremka polepole kwenye ile nguzo mpaka akakaa chini. Daktari alisubiri swali jingine, hakulipata, akavaa kofia yake akaondoka. Nadhani mpaka alipokufa hakujua alichotuambia siku ile.

Jioni Kasiano alikuja na chupa. Nikamwambia anywe mwenyewe, nikamweleza kila kitu, nikapiga magoti. Akacheka. "Mzungu amewatisha nyie wanawake." Na alipocheka, chini ya ile taa ya umeme niliyoishangaa, niliuona mstari kwenye ufizi wake. Mwembamba, wa buluu. Nilimsihi tuondoke. Aliniuliza turudi kufuata nyuki? Akaninyooshea mkono kuonyesha taa, baiskeli, blanketi, mlango wenye bawaba, na vitu vyote vile mimi nilivipenda kuliko yeye alivyovipenda. Tangu siku hiyo aliyanywa maziwa yake, nahesabu mikunjo ya koo lake anavyomeza, lakini daktari mmoja wa siku hizi ameniambia kwamba hata ile dawa yenyewe ilikuwa imani tu, haizuii chochote. Sijui kama habari ile ilinipunguzia au iliniongezea. Mgodi ulipofungwa, Kasiano alikuwa ameanza kuangusha vitu. Viganja vyake vilining'inia, havikuinuka tena kwenye vifundo, na miaka yake ya mwisho nilimnywesha uji mimi, kikombe nimekishika mimi, anameza, namwangalia. Watoto wetu walipanda treni ile kwenda shule Tabora. Mmoja ni mwalimu. Mji wote wa Mpanda umekaa juu ya reli iliyofuata kilima, na kila niisikiapo treni bado moyo wangu unashtuka kwa furaha kabla sijaukataza.

Luka hakumrudisha Felista kwao. Aliacha kazi, akaenda naye Usevya kulima mpunga, akamwambia mama yake aoe yeye huyo binti. Siku wanaondoka nilitaka kumwambia Felista kwamba mkono uliomlisha sumu ni wangu: ukuta, viraka, vidonge kwenye jani. Nilimpa mtungi wangu mzuri kuliko yote. Lori likaondoka.

Na sasa gari lilisimama nje ya uzio wa Agnesi, na kikatoka kibibi kirefu kimeshikiliwa na kijana. Macho yake yalikuwa na ukungu. Hakuuliza yupi ni mimi, alinyoosha mikono tu mbele mpaka akagusa uso wangu, akasema, "Skola. Bado una mitungi mitano na sufuria moja?" Tulicheka tukakaa kwenye mkeka barazani, tukaulizana waliokufa. Luka alimwacha na watoto wawili wadogo, alikufa kwa tumbo, tumbo la kukaza. Aliyataja hayo kwa sauti ya kawaida. Mimi nikaona nikingoja zaidi nitakufa na neno langu, nikamwambia. Nilisema yote, hata fahari niliyoisikia nilipoona lile shimo la kwanza nyuma ya mlango. Nilisema na mtoto nilimwona, alikuwa na nywele nyingi. Alitafuta mkono wangu kwenye mkeka, akaupata, akaupapasa kidole kwa kidole.

"Kuna mtu alikuwa amekuambia kwamba ni sumu?" akauliza.

"Hapana, dada."

"Basi. Nilijua ni mkono wako. Nani mwingine angepanga vidonge kwenye jani?" Kisha akasema, "Lakini ukuta ule ulikuwa mzuri, mdogo wangu. Hata sasa nikifumba haya macho mabovu nauona. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile."

"Hata mimi," nikasema, na ilikuwa kweli.

Agnesi akaja na sinia. Mihogo, karanga, na vikombe viwili: cha mgeni cheupe, kimejaa maziwa ya ng'ombe wa jirani, na changu cha rangi. Akamwekea Felista chake mkononi. Felista alikiinua hadi karibu na pua, akasita. Akakirudisha kwenye sinia taratibu, akakisukuma kwa kidole.

"Mwanangu," akamwambia Agnesi, "nipe kama ya mwenzangu."

"Kumbe na wewe bibi maziwa yanakuumiza tumbo?"

"Ndiyo," akasema Felista, uso wake wenye ukungu umeelekea kwangu. "Tangu tukiwa kambini."

Agnesi akachukua kile kikombe, akarudi nacho jikoni.